Kazi ya manunuzi mu Goma imebadilika: wakubwa wake wafanye nini?

Katika mji wa Goma kuna kazi moja ambayo wakaaji wengi hawaijui kwa jina, lakini inagusa mifuko yao kila siku. Ni kazi ya manunuzi. Ndiyo kazi ya watu wanaoamua, kwa ajili ya shirika, kampuni ao hospitali, ni depo gani itauza mabati, ni nani atakodisha gari, na ni mama gani atapika chakula cha watu walio mu mafunzo.

Wakifanya vizuri, hakuna anayewasifu. Wakifanya vibaya, dawa hazifiki ku kituo cha afya, bomba la maji linabaki bila pampu, na mfanyabiashara mdogo anabaki na deni ambalo hakulitafuta. Tangu mwanzo wa mwaka 2025 kazi hii imegeuka sana hapa kwetu. Makala hii inaeleza namna inavyofanyika, nini kimebadilika, na nini mkubwa wa manunuzi anaweza kufanya ili aendane na wakati.

Kazi yenyewe inafanyika namna gani?

Mu mashirika na makampuni mengi, njia ni ileile. Kwanza biro fulani inaandika ombi: tunahitaji kitu hiki, kiasi hiki, kwa tarehe hii. Mnunuzi anatafuta devi, mara nyingi tatu, kutoka kwa wauzaji watatu tofauti. Kamati inalinganisha bei, ubora na siku za kuleta mzigo. Yule aliyechaguliwa anapewa karatasi ya komandi. Mzigo unafika ku depo, unahesabiwa na kupokelewa kwa sahihi, muuzaji analeta fakture, mwisho analipwa. Ikiwa makuta ni mengi, wanatoa tangazo la zabuni ili kila anayeweza ajaribu bahati yake.

Devi tatu hazikuwekwa kwa kupenda makaratasi. Ziliwekwa ili mtu mmoja asikae peke yake na ndugu yake na kupanga bei. Ndiyo maana pia anayeomba kitu, anayekinunua, anayekipokea na anayelipa wanatakiwa kuwa watu tofauti.

Kwa upande wa serikali, manunuzi ya umma yanaongozwa na sheria namba 10/010 ya tarehe 27/4/2010. Kwa makampuni, kuna pia sheria namba 17/001 ya tarehe 8/2/2017, inayosema kwamba kazi ndogondogo ambazo kampuni kubwa inawapa wengine wazifanye, zipewe kwanza kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Muuzaji anayetaka kuingia mu soko hilo anaombwa namba ya RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi. Wengi mu Birere na mu Virunga wana bidhaa nzuri, lakini karatasi hizo hawana.

Mabadiliko hayakuanza jana

Wanunuzi wa Goma walizoea kushtuka. Munamo mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kumeza maduka na depo nyingi. Toka tarehe 1/8/2018 hadi tarehe 25/6/2020, Ebola ilipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri, na zaidi ya watu 2,200 walikufa. Makuta mengi yaliingia kwa haraka, bei ya kukodisha magari ikapanda, na wakaaji wakaanza kusema kwamba ugonjwa umekuwa biashara. Kila kitu kilikuwa cha haraka, na haraka hiyo iliwafungulia mlango wenye mikono mirefu.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 mpaka na Rwanda ukafungwa kwa sababu ya Covid-19. Mama wauzaji ambao walikuwa wanavuka kila asubuhi ku Petite Barrière wakabaki nyumbani. Wengine wakatafuta akili: wakakusanya makuta na komandi zao pamoja, mzigo ukaletwa kwa pamoja, kisha kila mmoja akachukua sehemu yake. Hayo yalikuwa manunuzi ya kikundi, na yalifanywa na watu ambao hawana biro wala kompyuta.

Tarehe 22/5/2021 Nyiragongo ikalipuka tena. Lava ikakata barabara ya Rutshuru, na siku chache baadaye wakaaji wengi wakaambiwa watoke mjini. Mwezi wa pili mwaka 2024, vita ikafunga barabara ya Sake na Minova. Maharagi, mihogo na makala yakaanza kupita ku ziwa. Tarehe 3/10/2024 boti iliyotoka Minova, imejaa watu kupita kiasi, ikazama karibu na kufika Kituku, na watu wengi wakafa. Jambo hilo linatufundisha kwamba kuchagua njia ya mzigo si hesabu ya bei tu, ni hesabu ya roho za watu pia.

Mwaka 2025: wiki moja, mapigo mawili

Tarehe 20/1/2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu mu Kongo. Mashirika yakapokea barua za kusimamisha kazi wakati komandi zilikuwa zimekwisha kutolewa. Tarehe 1/7/2025 shirika la USAID lenyewe likafungwa.

Wiki moja baada ya tangazo hilo, tarehe 27/1/2025, AFC/M23 iliingia mu mji wa Goma. Siku zile depo za mashirika kadhaa ziliporwa, za chakula na za dawa. Umeme, maji na intaneti vilikatika. Uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango. Mwezi wa pili kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka mji zikabaki tupu. Mnunuzi aliyekuwa na mkataba wa kupeleka maji Bulengo akajikuta watu wale wamerudi vijijini, ao wamekwenda mahali pengine kabisa.

Kwa hiyo mkubwa wa manunuzi aliamka na matatizo manne kwa mara moja: makuta yamepungua, njia ya kulipa imekatika, njia ya mzigo imegeuka, na watu wa kuhudumiwa wamehama. Juu ya hayo, wafanyakazi wenzake wengi walipoteza kazi, na wale waliobaki kila mmoja anafanya kazi ya watu wawili ao watatu.

Nini wakubwa wa manunuzi wanaweza kufanya?

Jambo la kwanza ni kuwa na njia zaidi ya moja kwa kila kitu cha lazima. Mnunuzi achukue karatasi, aandike vitu kumi ambavyo bila hivyo kazi inasimama: mazuti, dawa ya kusafisha maji, dawa za hospitali, unga na vinginevyo. Mbele ya kila kimoja aandike muuzaji wa kwanza, wa pili, na njia mbili za kuvileta. Kinachotoka Kigali kinaweza kupita Grande Barrière, kinachotoka Bukavu kinaweza kupita ku ziwa, na maharagi yanaweza kupatikana Masisi ao Rutshuru. Ikiwa wauzaji wawili wanachukua mzigo mu depo moja ya Gisenyi, basi kwa kweli ni muuzaji mmoja tu. Hilo huonekana siku mpaka unapofungwa.

Jambo la pili ni malipo. Benki zikifungwa, watu wanategemea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na wengine wanavuka hadi Gisenyi kutafuta dola. Kutoa makuta ku simu kuna gharama yake, na noti iliyopasuka kidogo muuzaji anaikataa. Gharama hizi mara nyingi zinaangukia muuzaji, hata kama bei ilipangwa mbele ya siku mbaya kuja. Mkubwa wa manunuzi anayefanya haki anaandika mu komandi: tutalipa kwa njia gani, kwa feza gani, mu siku ngapi, na nani atabeba gharama ya kutoa. Mfanyabiashara wa Birere hatakuuliza mengi, atasema tu: “Unilipe ya kwanza, njo nilete ingine.” Wahenga walikwisha kusema, dawa ya deni ni kulipa.

Jambo la tatu ni kutunza alama za kazi. Wakati depo zinaporwa na biro zinafungwa, karatasi zinapotea pia. Bila karatasi ya kupokea mzigo, muuzaji hawezi kuonyesha kwamba alileta, na mnunuzi hawezi kuonyesha kwamba hakuiba. Kupiga picha ya kila fakture na kila sahihi siku ileile, kuituma mahali salama nje ya mji, na kumuachia muuzaji nakala yake, hakuombi mashine ya bei kali. Simu inatosha. Hata pale ambapo mkubwa anafanyia kazi Kinshasa, Nairobi ao Kigali, anaweza kuona na kukubali komandi bila mtu kubeba makaratasi njiani.

Lakini simu haioni kila kitu. Mkubwa aliye mbali haoni kama unga umeingia maji ku boti, wala hajui kwamba bei ya soko la Virunga ya leo si ya wiki iliyopita. Anatakiwa kumpa mnunuzi aliye Goma ruhusa ya kuamua mambo madogo, kwa kiwango cha makuta kilichoandikwa, bila kungoja jibu siku tano. Anayekaa mbali na kutaka kuamua kila kitu anachelewesha kazi, na anayemwachia mtu mmoja kila kitu anatafuta hasara.

Jambo la nne ni watu wenyewe. Wafanyakazi wakipungua, ni rahisi kumwambia kijana mmoja aombe devi, achague, apokee na alipe. Hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kishawishi. Ya pili ni kwamba hata kijana mwaminifu anabaki bila shahidi, na watu wenye nguvu wanaweza kumtisha ili achague depo fulani. Kama wafanyakazi hawatoshi, biro mbili za shirika moja zinaweza kusaidiana: wa Bukavu anakagua devi za Goma, na wa Goma anakagua za Bukavu. Mnunuzi awe pia na uwezo wa kusema “si mimi ninayeamua, ni kamati,” na maneno hayo yawe ya kweli. Maneno hayo yanamlinda kuliko ukuta wa biro.

Jambo la tano ni rushwa. Mwaka 2020 chombo cha habari The New Humanitarian kilieleza namna misaada ya haraka ilivyoibiwa hapa mashariki: wafanyabiashara, wafanyakazi wa misaada na wakubwa wa mitaa walishirikiana kuongeza hesabu ya watu waliokimbia, ili makuta yaongezeke na wagawane. Wakati makuta ni kidogo kama sasa, kila dola inayoibiwa inaonekana ku sahani ya mtu. Bei za soko zikiandikwa kila wiki na kubandikwa ku ukuta wa biro, na muuzaji aliyeshindwa akielezwa ni kwa nini alishindwa, uongo unapata kazi ngumu.

Jambo la sita ni kununua karibu na watu. Kwa zaidi ya miaka kumi, mashirika mengine mu Kivu yaliacha kugawa sahani na blanketi zilizotoka mbali. Yaliwapa watu kuponi ao makuta, nao wakanunua walichohitaji kwa wafanyabiashara wa pale. Hapo kazi ya mnunuzi inageuka. Hanunui tena sufuria, bali anachunguza kama soko lina sufuria za kutosha, kama bei haitapanda siku ya kugawa, na kama wauzaji ni wengi vya kutosha. Kwa zabuni kubwa, anaweza kugawanya mzigo mu sehemu ndogo kwa sheria iliyo wazi kwa wote, ili hata kikundi cha mama wa Kituku kiweze kuomba sehemu moja.

Na wewe muuzaji, ulize nini?

Mbele ya kutoa mzigo, omba karatasi ya komandi yenye sahihi na tarehe. Uliza nani anapokea, nani analipa, na baada ya siku ngapi. Uliza itakuwaje ikiwa mradi utasimamishwa mzigo ukiwa njiani, kwa sababu mwezi wa kwanza mwaka 2025 swali hilo halikuwa la kufikirika. Usiweke mtaji wako wote mu komandi moja. Na mtu akikuomba asilimia ili upewe soko, mashirika mengi yana namba ya kupokea malalamiko, iliyo tofauti na biro ya manunuzi. Iombe siku ya kwanza unapopeleka devi, usingoje siku ya ugomvi.

Hakuna mkubwa wa manunuzi wa Goma anayeweza kufungua benki, uwanja wa ndege ao barabara vikifungwa. Lakini kulipa fakture kwa wakati, kutunza nakala, kugawanya kazi ili mtu mmoja asibebe mzigo peke yake, na kumweleza muuzaji ukweli, hayo yako mikononi mwake hata leo. Ni kwa hayo pia kwamba pampu ya maji itafika mahali ilipotakiwa kufika.