Msimu Uliokatwa Kichwa

Chukua orodha mbili za mabingwa wa ligi kuu ya Bulgaria uziweke sambamba. Zitakwenda pamoja mwaka hadi mwaka mpaka zifike 1985. Hapo moja itaandika Levski Sofia na kuendelea na safari. Nyingine itaandika jina hilohilo kisha ikalitia kinyota, na kinyota hicho kitakupeleka chini ya ukurasa, kwenye herufi ndogo zinazosema kwamba ubingwa ulifutwa na baadaye ukarudishwa. Hadi 2025 Levski wenyewe walihesabu mataji 26. Anayeamini kwamba kilichofutwa kimefutwa atahesabu 25. Tofauti ni moja tu, na hiyo moja imegombaniwa kwa miaka arobaini.

Naandika makala haya kwa sababu wengi wanaoigombania huanza kusimulia kutoka tarehe 19 Juni 1985, siku ya ngumi. Kwa maoni yangu kisa hiki ni cha majina kabla ya kuwa cha ngumi, na kilianza miezi sita nyuma, nje kabisa ya uwanja.

Historia ya awali haitatuchelewesha. Bingwa wa kwanza wa taifa alipatikana 1925, nao walikuwa Vladislav kutoka Varna, mji wa bandari. Baada ya vita kuu ya pili Wakomunisti walishika dola, na klabu kubwa zikapata wenyewe serikalini. CSKA, iliyoundwa 1948, ilikuwa timu ya jeshi, na kuanzia 1954 hadi 1962 ilitwaa ubingwa mara tisa mfululizo. Levski, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Sofia mwaka 1914, iliunganishwa 1969 na Spartak na kuwekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa hiyo watani wa jadi wa Sofia, wekundu na wa buluu, walipokutana, nyuma ya benchi moja lilisimama jeshi na nyuma ya jingine walisimama polisi. Shabiki wa kawaida hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Panapostahili kusimama kidogo ni kwenye majina. Levski ni lakabu, yenye asili ya neno simba, aliyopewa mwanamapinduzi Vasil Kunchev, ambaye watawala wa Kiosmani walimnyonga Sofia mwaka 1873. Vijana wa 1914 waliichagua wakijua uzito wake. Mwaka 1949 klabu ikabatizwa Dinamo, kwa mtindo wa Kisovieti, na jina la shujaa likarudi 1957. Kule Plovdiv kulikuwa na klabu iliyobeba jina la Hristo Botev, mshairi aliyekufa vitani 1876. Mwaka 1967 ikaunganishwa na jirani zake na kuitwa Trakia, yaani jina la bonde na nchi inayoizunguka. Serikali iliyoweza kumwondoa mshairi na kuweka bonde haikuona tabu kubadili jina lolote.

Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985 serikali hiyo ilibadili majina ya watu. Kati ya Desemba na miezi ya mwanzo ya mwaka mpya, askari na maofisa waliingia katika vijiji na miji ya Waturuki wa Bulgaria na kuwalazimisha watu wapatao 800,000 kuacha majina ya Kiislamu na kuchukua ya Kislavi. Dola iliuita mpango huo Mchakato wa Uamsho. Aliyekuwa Ahmed alipewa hati mpya, na bila hati hiyo hapati mshahara wala huduma ofisini. Mnyanyua vizito Naim Suleimanov, aliyevunja rekodi za dunia akiwa bado kijana mdogo, aliamka akiitwa Naum Shalamanov. Mwishoni mwa 1986 alitoroka timu ya taifa mjini Melbourne, na mwaka 1988 alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul akiiwakilisha Uturuki, kwa jina la Naim Süleymanoğlu.

Waandishi wa mpira huyaacha haya kwa wanahistoria wa siasa, na wanahistoria wa siasa hawasomi msimamo wa ligi. Hivyo mambo mawili ya mwaka mmoja, ya serikali moja na kalamu moja, yamekaa kwenye rafu mbili zisizoonana.

Ligi yenyewe, wakati hayo yakiendelea, ilichezwa vizuri kuliko kawaida. Levski walikuwa mabingwa watetezi, na vuli ile walikuwa wamewang'oa Stuttgart, mabingwa wa Ujerumani Magharibi, katika Klabu Bingwa Ulaya. Walimaliza kileleni, CSKA wa pili, Trakia wa tatu. Mfungaji bora hakutoka Sofia. Alikuwa Plamen Getov wa Spartak Pleven, aliyefunga mabao 26. Timu ya taifa nayo ilikuwa inapaa: tarehe 2 Mei iliifunga Ufaransa, mabingwa wa Ulaya, 2–0 mjini Sofia, na tarehe 1 Juni ikaichapa Yugoslavia 2–1, njia ya Kombe la Dunia la Meksiko ikawa nyeupe. Wachezaji wa Levski na CSKA walikuwa uti wa mgongo wa timu hiyo. Hiyo Juni mosi taifa zima liliwashangilia. Siku kumi na nane baadaye baadhi yao waliitwa aibu ya taifa.

Jumatano ya tarehe 19 watani walikutana fainali ya Kombe la Bulgaria. Uwanja, kama kwa kejeli, unaitwa Uwanja wa Taifa wa Vasil Levski. Mwamuzi alikuwa Asparuh Yasenov. Levski walidai kwamba CSKA waliunawa mpira kabla ya bao, na kwamba macho ya refa yalikuwa upande mmoja. Kuanzia hapo mpira ulikuwa kisingizio. Mchezaji alichezewa rafu, mwenzake akalipa kisasi kabla filimbi haijalia. Kadi nyekundu zilitoka. Kipa wa Levski, Borislav Mihaylov, aliacha lango lake kwenda kumkabili mwamuzi, na wenzake wakamzonga. Kijana wa miaka 19 wa CSKA, Hristo Stoichkov, mzaliwa wa Plovdiv ambaye msimu ule ndio kwanza alikuwa ametoka timu ndogo ya Harmanli, alikuwa katikati ya msukosuko. CSKA walishinda 2–1.

Kabla ya wiki kuisha Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilikuwa imetoa uamuzi. Klabu zote mbili zivunjwe. Wachezaji kadhaa wafungiwe, na baadhi, wakiwamo Mihaylov na Stoichkov, wafungiwe maisha. Kombe la CSKA lichukuliwe. Ubingwa wa Levski ufutwe. Mahali pa CSKA paliundwa Sredets, jina la kale la Sofia. Mahali pa Levski paliundwa Vitosha, jina la mlima unaoutazama mji huo.

Zipo tafsiri tatu za uamuzi huo. Ya kwanza ni ya Chama chenyewe: kwamba ulikuwa ulinzi wa maadili ya michezo. Sitaipotezea wino mwingi. Adhabu ya maadili humfuata mkosaji na kosa lake. Vurugu zilitokea kwenye kombe, iweje kifutwe kilichovunwa kwenye ligi, katika raundi 30 zilizochezwa kuanzia kiangazi hadi kiangazi? Mtu aliyepigana sokoni hanyang'anywi mavuno ya shamba lake. Na kufungiwa maisha kulidumu kiasi gani? Mwaka uliofuata wote wawili walikuwa huru. Tarehe 31 Mei 1986, Kombe la Dunia lilipofunguliwa katika uwanja wa Azteca, Bulgaria na Italia wakitoka 1–1, kipa aliyesimama langoni alikuwa Mihaylov. Ilipowadia Meksiko, maadili yalikwenda likizo.

Tafsiri ya pili naisikiliza kwa heshima. Inasema tuangalie kalenda: tarehe 29 Mei, wiki tatu kabla ya fainali ya Sofia, watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel mjini Brussels baada ya vurugu za mashabiki wa Liverpool, na klabu za Uingereza zikafungiwa kucheza Ulaya. Viongozi wa Sofia walikuwa wameyaona hayo, na hawakutaka Bulgaria itajwe pamoja na Heysel. Hoja hii inaeleza haraka ya uamuzi na ukali wake. Haielezi umbo lake. UEFA waliwafungia Waingereza; hawakuwaambia Liverpool wajiite Mersey, jina la mto wao.

Nabaki na ya tatu. Chama kilijikuta na ugomvi wa wizara mbili zenye bunduki, umetokea hadharani. Kuiadhibu timu moja kungekuwa kuipa ushindi wizara ya pili, kwa hiyo ilibidi zote zipigwe sawasawa, na kwa kuwa CSKA walikuwa na kombe la kunyang'anywa, Levski nao walipaswa kupoteza kitu cha uzito uleule. Ubingwa ulikuwa karibu, ukachukuliwa. Hadi hapo ni mizani ya kisiasa. Lakini kwa nini majina? Kwa sababu ndiyo zana iliyokuwa mkononi bado ina moto. Dola iliyokuwa imemaliza tu kuandika upya majina ya mamia ya maelfu ya raia iliamini kwamba ukibadili jina umebadili kitu. Simaanishi kwamba maumivu yanalingana. Shabiki aliyepoteza jina la timu hawezi kuwekwa mizani moja na mama aliyelazimishwa kumwita mwanawe jina geni. Nasema tu kwamba mkono ulikuwa mmoja.

Sasa nije kwenye ushahidi ambao wagombanaji hawautumii sana. Fungua ratiba ya raundi ya kwanza ya Klabu Bingwa Ulaya ya 1985/86. IFK Göteborg ya Sweden inacheza na timu ya Bulgaria, na timu hiyo ni Trakia Plovdiv, washindi wa tatu wa ligi. Msweden aliyekata tiketi jioni ile hakuona kinyota chochote. Kwake, bingwa wa Bulgaria alikuwa amekuja kutoka Plovdiv. Je, basi, Trakia ndio mabingwa wa 1985?

Hoja hiyo ina mvuto, nami nina huruma nyingi kwa Plovdiv, mji ambao Sofia imezoea kuuchukulia kama benchi la akiba. Lakini nafasi ya kuwakilisha nchi si taji. Trakia waliingia Ulaya kwa sababu wawili waliokuwa juu yao waliondolewa kwenye orodha, na hilo haliongezi hata pointi moja kwenye hesabu yao. Ratiba ya Göteborg inathibitisha jambo jingine: kwamba kiti kilichoachwa wazi hakikuweza kubaki wazi. Ulaya ilidai jina, na Sofia, iliyofuta majina, ikalazimika kutafuta la kupeleka.

Msimu uliofuata ndio unaodharauliwa kuliko yote. Ubingwa wa 1986 ulikwenda kwa Beroe ya Stara Zagora, kwa mara ya kwanza na ya pekee, Trakia wakiwa wa pili na mshambuliaji wao Atanas Pashev akifunga mabao 30. Mjini Sofia wapo wanaosema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Siwavumilii. Sredets na Vitosha walicheza ligi ile. Walicheza wakiwa wamejeruhiwa, sawa, lakini walicheza, na Beroe walikaa juu yao hadi mwisho. Kama taji la Levski haliwezi kufutwa kwa amri, basi la Beroe haliwezi kupunguzwa kwa kejeli.

Yaliyofuata yanajulikana. Sredets walitwaa ubingwa 1987 na 1989, Vitosha 1988. Stoichkov, kwa jezi ya klabu iliyoitwa Sredets, aliifunga Barcelona katika nusu fainali ya Kombe la Washindi ya 1989, nyumbani na ugenini, na mwaka uliofuata Barcelona wakamchukua. Mwaka 1994 alikuwa na Mpira wa Dhahabu, na nyuma yake Mihaylov akilinda lango la timu iliyoitoa Ujerumani kwenye Kombe la Dunia. Todor Zhivkov, kiongozi wa Chama na dola, alianguka Novemba 1989. Kati ya mwaka huo na uliofuata majina ya kale ya klabu yalirudi, Botev ya Plovdiv ikiwamo, na Waturuki wakaruhusiwa kurejea kwenye ya kwao, ingawa kiangazi cha 1989 zaidi ya 300,000 walikuwa wameshavuka mpaka kwenda Uturuki. Ubingwa na kombe la 1985 vilirudishwa kwa wenyewe. Kuhusu miaka ya karibuni sina la kusema, maana Ludogorets ya Razgrad ilitwaa kila taji la ligi kuanzia 2012 hadi 2025.

Kwa hiyo kile kinyota kibaki au kiondoke? Jibu langu analo Plamen Getov. Katika orodha ya wafungaji bora, mwaka 1985 umeandikwa jina lake na mabao yake 26, bila herufi ndogo chini ya ukurasa. Chama hakikuyagusa. Mabao hayo yalifungwa katika ligi ileile, mbele ya waamuzi walewale, na mengine kati yake yaliamua pointi zilizoipanga Levski juu na wengine chini. Ama msimu ule ulichezwa, ama haukuchezwa. Na kama Getov alifunga, basi ulichezwa, na aliyemaliza juu ni Levski.