Chapa ya Nakshi

Ukimwambia Mnairobi wa umri mkubwa kwamba umeona picha ya kuchongwa ya Lord Delamere, yule mlowezi, atadhani unaisema sanamu iliyokuwa Delamere Avenue, leo Kenyatta Avenue, kabla haijaondolewa enzi za uhuru. Lakini kile Waingereza wanachokiita “engraving” mara nyingi ni karatasi tu.

Fundi huchukua bamba la shaba nyekundu, au la chuma cha pua, na kwa tindo ndogo yenye ncha kali hukata mistari, sura ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Wino hupakwa na kusuguliwa uingie mifereji, kisha uso wa bamba hufutwa. Karatasi yenye unyevu ikibanwa juu yake, huunyonya wino ulio chini. Kivuli cha shavu la lodi anayechorwa ni mistari iliyosongamana. Mwanga wa paji lake ni karatasi yenyewe.

Picha asilia ya rangi ilibaki ukumbini kwa lodi. Nakala zilizochapwa ziliuzwa madukani London, pamoja na vyeo vyake vyote na nembo ya ukoo. Chini kushoto aliandikwa mchoraji, kulia fundi wa bamba. Kazi ya nakala hizo ilikuwa ileile ya kalenda za wanasiasa katika vibanda vya mtaa wa Satellite, Nairobi. Kamera ndiyo iliyoiua biashara hiyo, na afisa Mwingereza Lugard alipojenga ngome ya kampuni ya IBEA Dagoretti mwaka 1890, jirani na Satellite ya leo, tayari ilikuwa inachechemea.

Kwa Kiswahili napendekeza “chapa ya nakshi”. Nakshi ni ile ya milango ya Lamu, yaani kukata ndani, na chapa inatuambia kwamba kinachofika mkononi ni nakala. “Mchongo” peke yake unatupeleka kwenye sanamu, tena mtaani una maana nyingine kabisa.

Ufundi huo haujafa. Pitisha kidole juu ya noti uhisi wino ulioinuka. Mfalme George wa Tano alikuwa kwenye noti za Afrika Mashariki, na Jomo Kenyatta akafuata kwenye noti za 1966. Katiba ya 2010, ibara ya 231, ikakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti. Noti mpya za 2019 zikaja na jengo la KICC, na mbele yake sanamu ya Kenyatta, watu wakaenda mahakamani.