Picha na Mpaka: Metadata ya Mahali kati ya Merikit na Busia

Makala haya yanadai kwamba maelezo pungufu ya mahali huweza kuitenga jamii na picha zake. Wateso wa Merikit, wilayani Tororo, wana ndugu zao Busia, upande wa Kenya. Mpaka unaowatenga haukuwa hapo daima. Hadi mwaka 1902, Mumias, jirani ya Busia, ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ndipo Waingereza walipouhamishia mkoa huo Himaya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo, picha ya Mumias ya mwaka 1900 iliyoandikwa “Uganda” haikukosewa. Hukosea mkutubi anayelifuta jina hilo na kuandika “Kenya” pekee, au anayeliacha bila nyongeza. Kiwango cha metadata cha Dublin Core, kilichoasisiwa mwaka 1995, huruhusu kipengele cha mahali na kipindi kirudiwe. Basi yaandikwe yote mawili: jina la wakati ule na la leo. Mpigapicha naye aandike, siku ileile, kijiji, tarehe na majina ya watu kama wanavyojiita wenyewe. Asipofanya hivyo, mjukuu ataipita sura ya babu yake asiitambue.