Uchangamfu Uliotoka kwa Mushtari

Mwingereza akimwita mtu "jovial", anamsifu kwa uchangamfu wa aina yake: bashasha ya mpenda watu, anayecheka kwa sauti na kumkaribisha kila anayefika mezani pake. Mkimya anaweza kujawa na furaha moyoni na neno hilo lisimfae. Kamusi husema asili yake ni Jove, jina jingine la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, na wengi huishia hapo, wakidhani mungu huyo alisifika kwa karamu na vicheko. Maelezo hayo hayatoshi. Jupiter alikuwa mungu wa radi, wa viapo na wa dola. Uchangamfu ulitoka katika unajimu, kwenye sayari iliyopewa jina lake, ambayo sisi tunaiita Mushtari.

Ushahidi mzito kuliko wote ni neno pacha, "saturnine", linalomweleza mtu mnunaji, mwenye moyo wa majonzi. Saturn wa hadithi za Kirumi alitawala enzi ya neema, na sikukuu yake ya Desemba, Saturnalia, ilikuwa ya karamu na zawadi, hata mabwana wakawaandalia watumwa wao chakula. Kama maneno haya yangetokana na miungu, Saturn ndiye angestahili kuzaa neno la furaha. Wanajimu walifuata hesabu nyingine. Ptolemy, aliyeandika Alexandria katika karne ya 2, alifundisha kwamba Zuhali, sayari ya Saturn, ni baridi na kavu kwa kuwa iko mbali na joto la jua, Marihi, sayari ya Mars, inaunguza, na Mushtari, inayopita kati yao, ina joto la wastani linalorutubisha. Atakayepinga atataja "martial", neno la mambo ya vita, linaloweza kabisa kutoka kwa Mars mwenyewe, mungu wa vita. Ni kweli, lakini hapo mungu na sayari wanakubaliana, kwa hiyo mfano huo hauamui lolote. Zuhali ndiyo inayoamua, maana hapo mungu na sayari wanapingana, na neno likaifuata sayari.

Elimu hiyo ilifika Ulaya ya Magharibi kwa kiasi kikubwa kupitia Kiarabu. Vitabu vya Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad wa karne ya 9, vilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Katika mapokeo hayo Mushtari ndiyo saadi kubwa na Zuhali nuhusi kubwa, mgawanyo ambao wajuzi wa falaki wa mwambao wetu wanaufahamu vizuri. Kiingereza kililipokea "jovial" mwishoni mwa karne ya 16, kupitia Kifaransa, miongo kadhaa baada ya kitabu cha Copernicus cha 1543 kuliweka jua katikati. Inaweza kudaiwa kwamba msemaji wa leo hafikirii sayari hata kidogo. Sawa, lakini matumizi yake bado yameshika njia ile ile: kwa kawaida neno hilo hueleza hulka, jinsi mtu alivyoumbika, kuliko furaha ya aliyepata habari njema asubuhi hii. Na Gustav Holst, Mwingereza aliyevutiwa na unajimu, alipotunga muziki wake wa sayari kati ya 1914 na 1916, Jupiter alimwita mleta uchangamfu, na Saturn mleta uzee.