Si kila udhaifu wa mzee ni uzee

Mzee anapokataa chakula au kuanza kuchanganyikiwa, jibu la haraka nyumbani huwa "uzee huo". Kauli hiyo huchelewesha tiba ya maradhi mengi yanayotibika.

Ni kweli kwamba mwili hubadilika. Kuanzia takriban miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa na mtu hulazimika kulisogeza gazeti mbali ili alisome. Misuli hupungua nguvu, usingizi huwa mwepesi na sauti nyembamba husikika kwa shida. Mabadiliko hayo huja polepole, kwa miaka mingi.

Maradhi yana mwenendo mwingine. Mzee aliyezungumza vizuri juzi, na leo hatofautishi usiku na mchana, hakuzeeka kwa siku mbili. Mara nyingi chanzo ni maambukizi ya njia ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, au dawa anazotumia, zikiwemo za usingizi. Ugumu ni kwamba dalili zilizozoeleka huenda zisionekane: nimonia inaweza kumpata mzee bila homa kali, na mshtuko wa moyo ukaja kwa uchovu na kukosa pumzi pasipo maumivu ya kifua. Kwa hiyo, kipimajoto kisichopanda si uthibitisho wa uzima.

Kumbukumbu ndiyo inayotatanisha familia zaidi. Kusahau miwani ilipowekwa, au jina la jirani ambalo hukumbukwa baadaye, ni kawaida. Kupotea katika njia ya sokoni iliyopitwa kwa miaka 30, au kushindwa kuhesabu chenji, si kawaida, na mhusika mwenyewe huenda asilitambue tatizo.

Aidha, upungufu wa damu, kukonda bila sababu, kuanguka mara kwa mara na mkojo usiozuilika havipaswi kuhesabiwa kuwa uzee. Wanaume wengi huona aibu kueleza kwamba mkojo unatoka kwa shida, ilhali tezi dume iliyovimba ina tiba. Ukungu wa mtoto wa jicho nao huondolewa kwa upasuaji.

Anayempeleka mzee kwa daktari abebe dawa zake zote, za asili zikiwemo. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukilegea au maneno yakikwama, safari ya hospitali ni saa hiyo hiyo, hata kama dalili zimetoweka baada ya dakika chache.