Supermoto ndogo na njia mbili za Maungu

Supermoto ni pikipiki ya vumbi iliyovishwa magurudumu ya lami. Umbo lake ni lile lile la pikipiki za mashindano ya porini: nyembamba, ndefu kwenda juu, na springi zake zacheza sana. Lakini ringi zake, mbele na nyuma, ni za inchi 17, na tairi ni pana, za barabarani. Mtindo huu ulianza Marekani mwaka 1979, katika mashindano ya televisheni yaliyochanganya lami na udongo. Baadaye Ulaya ikapata zile ndogo za vijana, za CC 125.

Mfano mzuri ni Yamaha WR125, iliyotoka mapacha. WR125R ina gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma inchi 18. Hiyo ni ya vumbi. WR125X ina 17 kote. Hiyo ndiyo supermoto. Injini ni moja, na kwa mbali waweza kuzichanganya. Kwa hivyo ukiletewa ya mtumba na kuambiwa yapita popote, usitazame rangi wala usisikilize mlio. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Kwa mtu wa Maungu namba hiyo ina uzito. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, kilomita 30 hivi kabla ya Voi, na hapo hapo huchepuka njia ya kwenda Kasigau. Kwenye lami, supermoto hushika kona na breki vizuri mno. Kwenye mchanga, gurudumu dogo la mbele huzama, na tairi lisilo na meno huteleza. Na njia ile hupita kwenye ranchi ambamo ndovu wa Tsavo huvuka. Si pahala pa kuanguka jioni.

Kuna atakayesema Boxer nayo ina ringi za 17. Kweli, ile ya CC 150 inazo. Lakini tairi zake ni nyembamba, kiti kiko chini, na keria yabeba gunia. Kiti cha WR125X kimepita sentimita 90 kutoka ardhini. Mama mwenye kikapu atapandaje? Isitoshe, injini yake hupozwa kwa maji, na rejeta ikitoboka porini huna safari.

Kisheria zote ni sawa: leseni ya daraja A2 kwa matumizi yako, A3 kwa abebaye abiria kwa malipo, tena abiria mmoja tu, nyote wawili na helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga.