DNA "1 kwa milioni" maanake nini?

Wasee, DNA ikitajwa kortini, huku mtandaoni tushafunga kesi. Ngojeni. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisikiza rufaa mbili kwa pamoja, ikatoa mfano huu: ikiwa mtu 1 kati ya milioni 1 ana DNA inayolingana na ya mhalifu, basi nchini humo kuna wanaume kama 26 hivi. Mshtakiwa ni mmoja wao. Hiyo si kusema uwezekano kwamba hana hatia ni 1 kwa milioni! (Hapo hata mawakili hujikwaa.) Kama alikuwa mbali siku hiyo, DNA pekee haitoshi. Kama alionekana karibu na tukio, ana kazi kubwa kujieleza. Hukumu ya mmoja ilifutwa, ya mwingine ikabaki.